Ufunguo Kwenye Msumari

Mwezi wa sita mjomba alinipigia simu nikiwa maktaba, Dar es Salaam, kuniambia kwamba Land Rover la babu limepata mteja.

"Mteja gani?" nikauliza.

"Wa vyuma chakavu. Anatoka Mwanza. Injini na chesisi vinachukuliwa na fundi mmoja wa Igoma, bodi inakwenda kwa kilo." Akanyamaza kidogo. "Nimeona nikuambie kwanza, mjomba. Wewe ndiye uliyekuwa unalipenda."

Sikumkatalia. Nililipenda kweli, mpaka Desemba 2015. Baada ya hapo kila nilipofika nyumbani Magu nililipita pale chini ya mwembe bila kulitazama, kama mtu anavyompita mtu anayemdai.

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Muhula uliopita tulikuwa na somo la maadili ya teknolojia, na swali lililotushinda kumaliza lilikuwa hili: je, chombo kinaweza kuwa na hatia? Wenzangu walitoa mifano ya bunduki, ya kamera za barabarani, ya programu zinazoamua nani apewe mkopo na nani anyimwe. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nafikiria gari moja lililoegeshwa kijijini, kilomita sitini na kitu kutoka Mwanza mjini, upande wa barabara ya Musoma. Nimeamua kuandika nililoshindwa kusema darasani, kabla bodi haijapandishwa kwenye mizani.

Nianze na gari lenyewe, maana watu wa rika langu tunalijua kwa majina ya mtaani tu. Kijana wa Mwanza akisikia "difenda" hafikirii kiwanda, anafikiria polisi. Akisikia "mkonga" anafikiria Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopanda pembeni ya kioo, ya mkurugenzi au ya watalii. Land Rover la babu lilikuwa la kabla ya hayo. Lilikuwa Series III, toleo lililotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985, ile ndefu yenye inchi 109 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, karibu mita 2.8.

Ndani hamkuwa na vitu vingi. Ukiacha gia ya kawaida, kulikuwa na vitasa viwili, kimoja cha njano na kingine chekundu. Katika mwendo wa kawaida injini husukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Ukikibonyeza cha njano, ekseli ya mbele nayo inaungwa, na magurudumu yote manne yanavuta. Ukisimamisha gari ukakivuta chekundu nyuma, unaingia kwenye gia za chini: mwendo unakuwa wa mtu anayetembea, lakini nguvu inaongezeka, na gari linatoka kwenye tope taratibu bila kuhema, kama ng'ombe wa jembe aliyezoea kazi. Babu alinifundisha vitasa hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, kabla hajanifundisha kitu kingine chochote cha udereva. Mwaka uliofuata alifariki, gari likabaki kwa mjomba.

Tangi la mafuta lilikuwa chini ya kiti cha mbele. Bodi haikuwa ya chuma bali ya alumini, vipande bapa ambavyo fundi wa kijijini angeweza kuvifungua kwa spana na kuvinyoosha kwa nyundo. Chesisi ndiyo iliyokuwa ya chuma, na ndiyo iliyooza.

Kwa nini alumini? Ukilifuata swali hilo unafika vitani.

Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na shambani humo alikuwa akitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Ilimfanyia kazi vizuri mno, akaona kampuni yake itengeneze ya kwake, ya wakulima. Gari la kwanza la majaribio lilijengwa kwa kutumia chesisi ya jeep, na usukani uliwekwa katikati kama wa trekta. Chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo Uingereza wakati huo, lakini alumini ilipatikana, kwa sababu viwanda vilivyokuwa vikitengeneza ndege za kivita vilikuwa vimepunguza kazi. Basi bodi ikawa ya alumini. Magari ya mwanzo yalipakwa rangi ya kijani iliyokuwa imebaki kwenye akiba za kijeshi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa Amsterdam kama chombo cha shamba, lenye uwezo wa kuzungusha mashine za kilimo kwa nguvu ya injini yake. Haikuchukua muda jeshi la Uingereza likaanza kulinunua.

Jeep yenyewe ilizaliwa kwa haraka ya vita. Mwaka 1940 jeshi la Marekani liliziandikia kampuni 135 likitaka gari dogo, jepesi, lenye magurudumu manne yanayovuta, na mfano wa kwanza ukabidhiwe ndani ya siku 49. Kampuni ndogo ya Bantam, ikimtumia mhandisi Karl Probst, ilifika ndani ya muda huo. Jeshi likaipenda kazi, kisha likawapa Willys na Ford michoro, kwa kuwa Bantam ilikuwa ndogo mno kwa mahitaji ya vita. Kufikia mwisho wa vita zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 640,000. Bantam, iliyoanzisha, ikaishia kutengeneza matela.

Ujerumani safari ilikwenda kinyume. Mhandisi Albert Friedrich alibuni Unimog mara tu baada ya vita, kwa ajili ya mkulima: umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ulikuwa milimita 1,270, sawa na matuta mawili ya viazi. Miaka michache baadaye, mwaka 1955, lilitoka toleo la kijeshi, na toleo hilo likauzwa kwa makumi ya maelfu. Japani nayo, mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, Toyota ilitengeneza gari la mtindo wa jeep, ikalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita kuonyesha uwezo wake. Huyo ndiye babu wa mkonga. Hata sisi tulijaribu: kituo cha Nyumbu, Kibaha, kilianzishwa mwaka 1985 chini ya jeshi ili Tanzania iweze kubuni magari yake yenyewe.

Ninazitaja habari hizi zote kwa sababu moja. Gari la shamba liliingia jeshini, la jeshi likaingia shambani, na njiani halikubadilishwa sana. Anachotaka mkulima na anachotaka askari ni kitu kimoja: kufika pasipo na barabara, ukiwa na mzigo, na ukiharibikiwa njiani uweze kujitengenezea. Mtu anayechora gari kama hilo anajibu swali la kufika. Swali la nani anafika, kwa nani, na anafuata nini, haliko kwenye mchoro.

Ndiyo maana jibu la haraka darasani lilikuwa kwamba chombo hakina hatia, mwenye hatia ni aliyekishika. Jibu hilo lina pingamizi linalojulikana. Mwaka 1980 Mmarekani Langdon Winner alichapisha makala akiuliza kama vitu tunavyotengeneza vina siasa ndani yake, na hoja yake ilikuwa kwamba mara nyingine vinazo: kitu kinaweza kupanga maisha ya watu hata kama hakuna anayekielekeza siku ile. Nilipoisoma nilimfikiria bibi, ambaye hajawahi kusikia jina la Winner, na ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini amekataa kupanda Land Rover lililolala nje ya mlango wake.

Babu alilinunua mnadani mwaka 1994. Lilikuwa limetumika katika idara ya serikali, na rangi ilipobanduka mlangoni tuliona kijani, chini yake nyeupe, chini ya nyeupe kijani kingine. Hakuna aliyejua kila rangi ilikuwa ya kazi gani. Babu hakujali. Yeye alikuwa ameyajua magari hayo vitani. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, serikali ilichukua malori na mabasi ya raia kubeba askari na vyakula, na lori la pamba alilokuwa akiendesha babu lilikwenda pamoja naye. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na majeshi ya Uganda. Alisimulia kidogo sana kuhusu miezi ile, lakini jambo moja alilirudia mara nyingi: lori lake lilipozama kwenye tope, alipitwa na Land Rover lililobeba majeruhi wanne, na halikusimama hata mara moja. "Nikasema, nikirudi salama, nitanunua hilo."

Bibi naye alikuwa ameyajua kwa njia yake. Mara ya kwanza alipoliona alikuwa msichana, lilipoleta wachanjaji wa ndui. Walichanja watoto wote, wakala ugali, wakaondoka. Mara ya pili ilikuwa 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka mmoja kabla, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na nchi nzima ilipewa mpaka mwisho wa 1976. Bibi alikuwa na nyumba, shamba la pamba, ghala la mtama na mtoto mgongoni. Land Rover lilikuja asubuhi na watu wawili na daftari. Lori lilikuwa nyuma.

Nilimuuliza walisema nini. Nilitegemea maneno makali. Akasema hawakuwa wakali hata kidogo. "Walisema, mama, pakieni, gari linasubiri."

Alipakia vyungu na kuku. Mtama ulibaki.

Zamani, alinieleza, kama mtu hakutaka kusumbuliwa alijenga mbali. Mbali palikuwa na shida zake: ukiumwa na nyoka ulikufa mbali. Lakini palikuwa pako. Gari lile liliumaliza umbali. Chanjo ilifika kwa sababu hakukuwa tena na mbali, na daftari likafika kwa sababu hiyo hiyo. Nadhani hiyo ndiyo hoja ya Winner, isipokuwa bibi aliilipia.

Machi 1979 hata ziwa halikuwa tena kinga. Ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yakaikosa shabaha, yakaangukia Saanane, kisiwa kidogo unachokiona ukiwa Capri Point, ambacho leo ni hifadhi ya taifa, yakaua wanyama. Watu wa Mwanza wa umri wa bibi husimulia kisa hicho wakicheka. Ni kicheko cha watu waliogundua siku ile kwamba wanafikika.

Kwa hiyo katika nyumba moja kulikuwa na mzee aliyelipenda gari kwa sababu lilitoka mahali ambapo yeye alikwama, na mwanamke asiyelipanda kwa sababu lilifika mahali ambapo hakuliita. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli kuhusu vitasa vile vile viwili. Nilikua nikiamini kwamba lazima mmoja wao amekosea. Kisha ikaja Desemba ya 2015.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mvua za vuli zilikuwa zimekolea. Mjomba alikwenda Mwanza kwa basi kutafuta spea ya mashine ya kusaga, akalala huko. Nyumbani tulibaki mimi na bibi. Ufunguo wa Land Rover ulikuwa mahali pake pa siku zote, sebuleni, kwenye msumari kando ya kalenda. Gari lilikuwa zima. Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimekwenda nalo kisimani kuchota maji na kurudi.

Saa nne usiku tulisikia hodi. Alikuwa jirani yetu, Baba Masanja, amejifunika turubai, tochi ya simu mkononi.

"Kijana, mjomba yupo?"

"Hayupo, yuko Mwanza."

"Mama Masanja ana uchungu tangu mchana. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya. Nilitaka tumsogeze hospitali."

Hakuniambia niendeshe. Alisimama tu mlangoni, mvua ikimtiririka, akisubiri nielewe. Kutoka kwetu mpaka lami ni kilomita tisa za vumbi, na katikati kuna korongo ambalo mvua ikinyesha hugeuka mto. Sikuwa na leseni. Sikuwa nimewahi kuendesha usiku. Niliona lile korongo, nikajiona nimezama na mwanamke mwenye uchungu ndani ya gari la mjomba.

"Gari bovu," nikasema.

Akasema haya, asante, akaondoka. Walimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka lami, wakapata gari alfajiri. Mama Masanja alipona. Mtoto, ambaye angekuwa wa nne, hakupona.

Asubuhi bibi alinikuta nimekaa jikoni. Alikuwa amesikia kila kitu usiku ule. Alichochea moto, akaweka sufuria, ndipo akasema: "Mimi silipandi, na sababu yangu naijua. Wewe hukuliendesha kwa sababu gani?"

Nilimjibu kuhusu leseni na korongo. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, akaendelea na moto.

Miaka kumi nimekuwa nikilijibu swali lake kwa njia mbalimbali, na majibu mengine si mabaya. Kijana wa miaka kumi na saba asiye na leseni, usiku, mvua, korongo limejaa: mtu mwenye busara angeweza kabisa kukataa. Ningeweza kuwazamisha wote watatu. Ningeweza kukwama katikati, wakakosa hata mkokoteni. Na hakuna anayeweza kusema kwamba saa mbili au tatu zingemwokoa mtoto. Kama kosa langu lingekuwa kukataa kuendesha, nadhani ningekuwa nimeshajisamehe.

Lakini sikukataa kuendesha. Nilisema gari bovu.

Ilinichukua muda mrefu kuona tofauti, na niliiona darasani, wakati mwenzangu mmoja anasema kwa mara ya tatu kwamba bunduki haina kosa. Nilikumbuka ile sentensi ya 1974, gari linasubiri, nikaiweka kando ya yangu, gari bovu. Zinafanana. Katika zote mbili gari ndilo mhusika. Wale wawili wenye daftari hawakusema "tumeamua mhame." Huenda mmoja wao hakulipenda jambo lile, huenda naye alikuwa na bosi. Wakatafuta sentensi ambayo wao hawamo, wakaipata: gari linasubiri. Nami, miaka arobaini na moja baadaye, nikiogopa kusema "naogopa," nikatafuta sentensi ambayo mimi simo. Gari lilikuwa pale nje, kimya, halina mdomo wa kunikanusha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za lile darasa. Wanaosema chombo kina hatia wanampa mtu mahali pa kujificha, na wanaosema chombo hakina hatia wanadhani wamemtoa mafichoni, kumbe bado. Mtu mwoga hahitaji chombo chenye hatia. Anahitaji tu chombo kinachoweza kukaa mwanzoni mwa sentensi. "Mtandao uko chini." "Mfumo umekataa." "Gari la wagonjwa halina mafuta." Kila siku tunasikia sentensi hizi madirishani na kwenye kaunta, na mara nyingi ni za kweli. Ndiyo maana ni maficho mazuri.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali la muhula uliopita, nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Vitasa vile viwili havikuwa na wema wala ubaya, lakini havikutuacha tulivyokuwa. Kabla ya gari kuwa nje ya mlango wetu, Baba Masanja asingekuja kwetu usiku ule. Angekwenda moja kwa moja kwenye mkokoteni, na mimi ningelala. Gari lilinifanya mtu anayeweza kuombwa. Aliyepewa uwezo wa kufika ameondolewa kisingizio cha umbali, na kuanzia hapo, akienda au asipokwenda, anadaiwa jambo moja: aseme yeye mwenyewe. Nakuja kuwahamisha. Naogopa kuwapeleka. Sentensi hizo ni nzito, na aliyeambiwa anaweza kuzijibu. Anaweza kubisha, kulia, kutukana au kupendekeza njia nyingine. Sentensi ya gari haijibiki.

Kwamba haijibiki nililijua mwezi wa saba, nilipokwenda nyumbani kwa ajili ya mauzo. Siku ya pili nilikwenda kwa Baba Masanja. Nilimkuta anachambua nyavu. Siku hizi anashinda zaidi ziwani kuliko shambani. Nilimwamkia, akaniuliza habari za Dar, akaniuliza nitamaliza lini hayo masomo yasiyoisha. Nikamwambia nimekuja kumwambia jambo. Nikamwambia kwamba usiku ule gari lilikuwa zima.

Aliendelea na nyavu.

"Nilijua," akasema. "Ufunguo niliuona. Ulipofungua mlango tochi yangu ilipiga ukutani, nikauona kwenye msumari. Na asubuhi nilikuwa nimekuona kisimani."

Sikuwa na la kusema. Miaka kumi alikuwa akinisalimia, akiniuliza habari za masomo.

"Nilijua unaogopa," akaendelea. "Hata mimi ningeogopa, korongo lile. Lakini ungesema. Ungesema unaogopa, ningekuambia twende wote, mimi nitangulie kwa miguu na tochi, wewe unifuate. Au ningekuambia basi, baki. Uliposema gari bovu, nikaona hutaki kuongea. Nikaenda."

Nilimwomba radhi. Alisema yameshapita, kwa sauti ya mtu anayesema hivyo kwa sababu ndivyo inavyosemwa, na sikuona kwamba nina haki ya kumdai zaidi ya hapo. Alinipa sato wawili nimpelekee bibi.

Fundi wa Igoma alikuja Jumamosi na vijana wanne. Walifungua bodi kwa saa tatu. Alumini iliwekwa kwenye mizani vipande vipande, mlango wenye rangi tatu nao ukapimwa kama vingine. Bibi alitoka akakaa kwenye kigoda akitazama, akamuuliza mteja alumini hiyo inakwenda wapi. Mteja akamwambia nyingine inayeyushwa na kutengenezwa sufuria.

"Ikitoka niletee moja," bibi akasema. "Ya ugali wa watu sita."

Nikamtania, nikamwambia kwamba hilo gari amelikataa miaka yote, leo anataka kulipikia. Akaniangalia kama mtu asiyeona kilichochekesha. "Sufuria haiji mlangoni kwa mtu," akasema. "Unaifuata mwenyewe inapokaa."

Jioni mjomba alitoa karatasi mbili za daftari, ameziandikia mkataba wa mauziano kwa mkono wake, nisaini kama shahidi. Alikuwa ameandika jina la babu, namba ya gari, namba ya chesisi, bei, na chini yake sababu ya kuuza: Gari ni bovu.

Nikamwomba abadilishe mstari huo.

"Si kweli kwani? Chesisi imeoza, umeiona."

"Ni kweli, mjomba. Lakini lingeweza kutengenezwa. Ni sisi hatuna hela ya kulitengeneza, na hatukutaka kuitafuta."

Alinitazama kwa muda, akasema haya ndiyo masomo tunayokulipia, akacheka. Kisha akachukua kalamu, akakata maneno yale matatu kwenye karatasi zote mbili, akaandika juu yake: Tumeamua kuliuza. Akasaini yeye, akasaini mteja, nami nikasaini chini yao.